Chuma cha Asubuhi, Mbio za Jioni

George Omollo hakujua kukaa. Watu wengine wakingoja chai ichemke, huvuta kiti. Yeye aliingoja wima, akigongagonga kikombe kwa kijiko mpaka mkewe, Seline, amnyang'anye kijiko. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yao, mtaani Pioneer, mjini Eldoret. Siku ambayo hakuna mtu aliyeleta kazi ya geti, alilibomoa geti lake mwenyewe na kulichomelea upya. Majirani walilizoea. Seline hakulizoea, maana kila mara alikuta limefungukia upande mwingine.

Binti yao wa kwanza, Perez, hakumfuata baba kwa hilo. Alikuwa mtulivu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza shule, na kazi yake kubwa ilikuwa kukimbia mita mia nne. Hizo ni mbio za mzunguko mmoja wa uwanja. Ni mbio za mateso. Unakwenda kasi tangu mwanzo, halafu mita mia za mwisho miguu inawaka moto.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwa Perez katika timu ya vijana ya kaunti. Mwakani umri ungekuwa umempita, na angepangwa na wanawake waliokomaa. Akichaguliwa sasa, angekwenda Nairobi na kukimbia mbele ya makocha wa taifa. Akikosa, basi. Perez alilitaka jambo hilo tangu darasa la saba. George alilitaka pengine kumzidi.

Majaribio ya kuchagua timu yaliwekwa Jumamosi, saa kumi jioni. Taabu ilianzia hapo hapo. Mtu kama George atafanya nini tangu alfajiri mpaka saa kumi?

Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amekwisha kufagia uwanja mzima wa nyumba. Saa moja alikuwa amepaka mafuta bawaba za milango yote. Saa mbili alisimama mbele ya Perez, aliyekuwa anakunywa uji.

"Utakaa hivyo mpaka saa kumi?" akauliza.

"Nimeambiwa nipumzike, Baba."

"Kupumzika ni sawa. Lakini mwili ukilala sana unasahau kazi. Lazima uamshwe. Mimi nilipokuwa kijana kule Turbo, asubuhi tulikuwa tunapakia magunia ya mahindi kwenye lori. Jioni nikiingia kwenye mpira, nilikuwa mwepesi sana! Siku moja nilifunga mabao matatu. Matatu, nyathina, mwanangu! Uliza mtu yeyote."

Hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Seline alikuwa ameisikia habari hiyo ya mabao matatu mara nyingi kuliko alivyosikia mahubiri, naye akaenda zake kuanika nguo.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na chuma cha mazoezi. George alikitengeneza mwenyewe: bomba refu, na kila mwisho debe la rangi lililojazwa simiti. Perez alikuwa akikitumia mara mbili kwa wiki. Alikiweka mabegani, akachuchumaa, akainuka. Kilimsaidia sana. Lakini hakuwahi kukibeba siku ya mbio.

Siku hiyo akakibeba.

"Moja!" George akahesabu, akipiga makofi. "Mbili! Tatu! Mnaona huyo? Nne!"

Perez alichuchumaa na kuinuka mara kumi na tano. Akapumzika kidogo. Akarudia. Akapumzika. Akarudia tena. Mara ya nne alipofika kumi na mbili, magoti yalitetemeka na uso ukakunjamana. George alikuwa anazunguka zunguka, anacheka, anahesabu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri wasiwasi ulikuwa umemwachia. Alijisikia ana kazi ya kufanya.

"Kumi na tano! Sasa mwili umeamka," akasema. "Leo watakuona."

Kweli walimwona. Saa kumi jioni bunduki ililia, na Perez akatoka vizuri. Mita mia mbili alikuwa wa tatu. Mita mia tatu alikuwa bado wa tatu. Halafu miguu ikafa. Hakuanguka, wala hakujikwaa. Alizidi kuwa mzito tu, na wasichana wakampita mmoja mmoja. Alimaliza wa saba, kwa sekunde hamsini na tisa. Kwa kawaida alikimbia hamsini na tano na nukta kadhaa.

"Nini?" George akamuuliza. "Umeumia? Ni tumbo?"

"Sijui, Baba. Nilitafuta nguvu nikakosa."

Wasichana watatu wa kwanza walichaguliwa. Kisha mwalimu mmoja wa riadha akatangaza kwamba nafasi moja imebaki, nayo itagombewa baada ya wiki nne na wale waliobaki. Atakayeshinda ndiye atakayekwenda.

Wiki iliyofuata George alikuwa hakaliki. Alichomelea dirisha la mteja kichwa chini, miguu juu. Alimlaumu mpishi wa uji, ambaye alikuwa Seline. Akaulaumu urefu wa nyasi za uwanja. Akalaumu viatu. Usiku ule ule wa kulaumu viatu Seline alimwambia alichokuwa anakifikiri tangu Jumamosi.

"George, si ulimbebesha mtoto simiti asubuhi nzima?"

"Seline, wewe hujui mambo ya mwili."

"Mimi sijui. Lakini Wacera anajua. Muulize."

Wacera alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu. Familia yake ilitoka upande wa Nyeri, na wazazi wake walikuwa na duka karibu na kituo cha boda boda. Yeye mwenyewe alisomea kazi ya kutibu viungo na misuli. Katika kliniki moja mjini, kila siku alishughulika na wakimbiaji waliojiumiza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na maswali mengi.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akapewa chai. Akamsikiliza Perez kwanza. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, akajaribu kukiinua kile chuma, akakirudisha chini polepole.

"Baba Perez," akasema, "hii kitu ni kilo ngapi?"

"Karibu sitini."

"Na asubuhi ile aliibeba mara ngapi?"

"Kumi na tano, mara nne," George akajibu, na sauti yake ikashuka kidogo.

"Mara sitini. Alimaliza saa ngapi?"

"Saa tatu hivi."

Wacera akanywa chai. George alikuwa anatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi.

"Kabla ya kunihukumu, ngoja nikwambie," akasema George. "Mimi hili jambo sikulitoa hewani. Nimelifanya kwa mwili wangu. Turbo, asubuhi magunia, jioni mpira. Siku moja nilifunga mabao matatu!"

"Nakuamini," Wacera akasema.

George akasimama. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

"Hebu niambie kuhusu siku hiyo. Mlipakia lori kubwa?"

"Hapana. Siku hiyo lilikuja pikapu tu. Lile lori kubwa liliharibikia njiani."

"Wewe ulibeba magunia mangapi?"

"Matano. Sita. Hayakuzidi sita. Tulimaliza mapema, nikala, nikalala kidogo, halafu mpira."

"Na siku za lori kubwa, ulibeba mangapi?"

"Aa, hizo! Sitini, sabini. Mpaka shingo inavimba."

"Na jioni ya siku hizo ulifunga mabao mangapi?"

George alikuna kichwa. Akamtazama Seline, akamtazama Perez, akatazama dari.

"Siku hizo walikuwa wananiweka golini," akasema hatimaye. "Sikuwa naweza kukimbia."

Seline aliweka kikombe chini haraka ili chai isimwagike. Perez alificha uso kwa mikono, mabega yakitikisika kwa kicheko. Hata George alijaribu kucheka, lakini moyoni kitu kilimchoma. Alikuwa ameona alichokifanya.

"Kwa hivyo hukukosea kila kitu," Wacera akasema. "Mwili unaweza kuamshwa asubuhi. Wataalamu wamewapima wanariadha wengi. Mtu akifanya mazoezi ya nguvu kidogo asubuhi, mara nyingi baada ya saa kadhaa anaruka juu zaidi au anakimbia kwa kasi kidogo zaidi. Si wote. Na faida yenyewe ni ndogo. Lakini kwenye mbio, kitu kidogo ndicho kinamtenga wa kwanza na wa pili."

"Sasa kwa nini miguu ya Perez ilikufa?" George akauliza.

"Kwa sababu kazi yoyote nzito inaacha vitu viwili mwilini. Inaacha msisimko: misuli inakuwa tayari, inaitika haraka. Na inaacha uchovu. Ukifanya kidogo, uchovu unaisha mapema, na ule msisimko unabaki. Ukifanya mpaka magoti yanatetemeka, uchovu unakuwa mkubwa. Unaumeza ule msisimko wote. Saa saba baadaye bado uko. Wakati mwingine hata kesho yake na kesho kutwa uko."

"Kwa hivyo nilipokuwa natafuta nguvu..." Perez akaanza.

"Ulikuwa umeshazitumia saa tatu asubuhi," Wacera akamalizia.

George akatoka nje, akaenda kusimama kwenye geti lake. Alilifungua, akalifunga, akalifungua. Alirudi macho yakiwa mekundu kidogo.

"Basi tuache kabisa chuma siku hiyo," akasema. "Alale mpaka saa kumi."

"Hiyo pia ni njia, na si mbaya," Wacera akasema. "Watu wengi wanakimbia vizuri hivyo. Lakini Perez amezoea chuma miezi mingi. Mtu ambaye hajazoea, singemruhusu akishike siku ya mashindano. Yeye tunaweza kumjaribu. Ila kwanza tujaribu nyumbani. Siku ya mbio si siku ya kujaribu jambo jipya. Hilo peke yake, Baba Perez, ulishike."

Wacera aliwaonyesha namna ya kujaribu bila mashine yoyote. Perez angejipaka chaki vidoleni, asimame kando ya ukuta wa kibanda, aruke kwa nguvu zake zote na kuugusa ukuta. Alama ya chaki ingeonyesha ameruka kiasi gani. Chaki ilikuwepo tele. Ni ile ile ya George ya kupimia vyuma.

Siku ya Jumatano Perez alipumzika asubuhi. Saa kumi jioni alipasha mwili moto, akaruka mara tatu. George akachora mstari kwenye alama ya juu kabisa.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Wacera alipunguza chuma. Aliondoa yale madebe makubwa na kufunga madogo, uzito ukawa kama nusu.

"Chuchumaa taratibu, inuka haraka," akamwambia Perez. "Kama mtu aliyekalia sindano. Mara tatu tu. Kisha pumzika dakika tatu. Utafanya hivyo mara tatu."

"Mara tisa kwa jumla?" George akashangaa. "Hata jasho halitatoka!"

"Lisitoke. Aache akiwa bado anataka."

Ilikwisha baada ya dakika kumi. Perez alikula, akalala kidogo, akasoma gazeti la zamani. Saa kumi jioni aliruka kwenye ukuta ule ule. Alama ilipita mstari wa Jumatano kwa upana wa vidole viwili. Wacera hakushangilia. Aliwaambia siku moja haitoshi, warudie wiki inayofuata. Wakarudia kwa siku mbili kama zile. Siku ya chuma kidogo ilishinda tena, safari hii kwa kidole kimoja.

George, kwa kuwa ni George, hakuridhika kuambiwa. Jumatatu alingoja Seline aende kazini kwake katika shule ya chekechea. Akaruka kwenye ukuta, akachora mstari wake. Halafu akakibeba chuma kizima, yale madebe makubwa, mpaka akaona nyota. Jioni alijipaka chaki akaruka tena. Alama yake ilikuwa chini ya mstari kwa kiganja kizima. Kesho yake alishuka ngazi za mteja kinyumenyume, ameshika ukuta kwa mikono miwili, na alipoulizwa alisema ni baridi. Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo aliacha kubishana na Wacera.

Siku ya majaribio ya pili ikafika. Mbio zilikuwa saa kumi jioni, kama zile za kwanza. George aliamka kabla ya jogoo. Alifagia. Alipaka bawaba mafuta. Seline alimpa mahindi ayapukuchue, akayamaliza, akampa mengine.

Saa nne kamili Perez alikwenda nyuma ya kibanda. Wacera alikuwa kazini, kwa hivyo walikuwa wawili tu, baba na binti. Perez akaweka kile chuma chepesi mabegani.

Moja. Mbili. Tatu. Akakishusha.

Dakika tatu za kupumzika zilimpita George kama mwaka. Perez akarudia. Wakangoja tena. Akarudia mara ya mwisho. Alikuwa anainuka kwa wepesi mno, uso umetulia, pumzi imetulia. Alikuwa mzuri mno kumtazama. Kila kitu ndani ya George kilitaka kusema, "Moja tena!" Neno lilifika kwenye meno. Alilifungia hapo. Alishika bomba kwa mikono yake miwili akalivua mabegani mwa binti yake.

"Basi," akasema. "Imetosha."

"Nilikuwa naweza kuendelea," Perez akasema.

"Ndiyo maana imetosha."

Kisha zikaja saa sita ambazo George hatazisahau. Perez alikula wali na maharagwe saa sita na nusu, chakula alichokizoea. Akajilaza. George alipita mbele ya mlango wa chumba chake mara arobaini, kwa hesabu ya Seline. Alitaka kumwamsha amuulize anaonaje. Alitaka kumwambia afanye mazoezi kidogo ya miguu. Alitaka kumwambia chochote. Hakuingia. Hakuna gunia wala chuma alichowahi kubeba kilichomchosha kama kutofanya kitu siku hiyo.

Uwanjani Perez alipasha mwili moto kama kawaida, maana chuma cha asubuhi hakichukui nafasi ya hilo. Wasichana wanane walijipanga. George alisimama kwenye uzio karibu na mita mia tatu, pale pale miguu ilipokufa mara ya kwanza. Seline na Wacera walisimama karibu na mwisho.

Bunduki ikalia.

Mita mia mbili Perez alikuwa wa nne. George alikamata waya wa uzio. Mita mia tatu alikuwa wa tatu, akampita baba yake karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua. George alimfuata kwa macho. Sasa ndipo, akawaza. Sasa ndipo inapokufa.

Haikufa. Iliuma, hilo lilionekana usoni mwake, lakini miguu iliendelea kuitika. Alimpita mmoja mara tu baada ya kutoka kwenye kona ya mwisho. Zikabaki mita hamsini, na mbele yake msichana mrefu wa kutoka Kapseret aliyevaa fulana ya kijani. Zikabaki thelathini. Walikuwa bega kwa bega. Perez alitupa kifua mbele, na Seline akapiga yowe lililogeuza vichwa vya waamuzi.

Perez alikuwa wa kwanza. Sekunde hamsini na tano na nukta moja.

George aliruka uzio, jambo lisiloruhusiwa, akakimbia mpaka alipokuwa binti yake ameinama, mikono magotini. Wacera alikuwa amemkumbatia Seline. Alipomwona George alisema, "Usiseme ni chuma peke yake, Baba Perez. Ni miezi yake yote ya mazoezi. Sisi leo tumemwachia tu nguvu zake."

George aliitikia kwa kichwa. Alisubiri Perez apate pumzi. Ilikuwa vigumu, lakini siku hiyo alikuwa amejifunza kidogo kusubiri.

"Perez," akasema. "Ile mara ya kwanza hukushindwa wewe. Mimi ndiye niliyekufanya ushindwe. Nilikuwa na wasiwasi wangu, nikakubebesha wewe. Nisamehe."

"Najua, Baba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ile. Kufika ile raundi ya tatu, miguu ilikuwa imekwisha."

George alimtazama. "Sasa mbona hukuniambia niache?"

Perez alijifuta jasho kwa mkono.

"Ulikuwa unahesabu kwa furaha sana," akasema. "Sikutaka kukukatiza."

Machozi yalimtoka George waziwazi, mbele ya waamuzi na kila mtu, naye hakuyafuta. Aliushika mkono wa binti yake akaubana.

"Siku nyingine nikatize," akasema. "Hata kama nacheka. Mwili ni wako, wewe ndiye unausikia. Nikatize."

"Sawa, Baba. Sasa niachilie. Wananiita nikaandike jina."

George akauachilia mkono.